Mwarobaini na Mmelia: Juu ya Kufundisha Majina ya Kitaalamu ya Mimea

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huketi nyuma ya madarasa mengi na kusikiliza masomo mengi ya mimea. Si mara chache tunapoona mwanachuo ameandika ubaoni jina la Kilatini la mti anaoufundisha. Twafurahi kuliona, kwa kuwa laonyesha kwamba mwanachuo alifungua kitabu kabla ya kuingia darasani. Lakini furaha hiyo hupungua tunapoliona jina limewekwa pale kama hirizi mlangoni: watoto hulinakili na kulikariri, wala hapana ajuaye kazi yake. Na siku vitabu viwili visipopatana, mwalimu hana la kusema.

Mti ambao humtatiza mwanachuo kuliko mingine yote ni mwarobaini. Katika kitabu kimoja cha zamani ataukuta kwa jina la Melia azadirachta. Katika kingine, Melia indica. Katika vitabu vya siku hizi, Azadirachta indica. Akiendelea kupekua atakuta Melia azedarach, jina ambalo kwa jicho la haraka halina tofauti na lile la kwanza, na picha iliyo karibu nalo yaonyesha mti wenye vijani vingi na matunda ya manjano. Basi huja kutuuliza: lipi ndilo sahihi? Jibu alilozoea kupewa ni kwamba afuate kitabu kipya kuliko vyote. Kwa maoni yetu jibu hilo halitoshi, na katika mfano huu hasa laweza kuleta madhara.

Tuseme wazi tangu mwanzo msimamo wetu. Vitabu vinapotofautiana juu ya jina la mmea, mwalimu asiulize kwanza ni jina lipi lililo jipya. Aulize: je, vitabu hivi vinabishania jina, au vinazungumzia miti miwili? Mti mmoja kuwa na majina mengi ni usumbufu tu wa wasomaji. Jina moja kubeba miti miwili ni jambo jingine kabisa, na huko ndiko mtoto anakoweza kuumia. Wanachuo wengi huzichanganya hali hizi mbili kwa sababu sisi tunaowafundisha hatuzitengi vya kutosha katika masomo ya mbinu.

Turudi kwenye mwarobaini wenyewe, maana historia ya majina yake ni fupi na yafundisha mengi. Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa kitabu kiitwacho Species Plantarum. Wataalamu wa mimea wamekubaliana kukifanya kitabu hicho mwanzo wa majina ya mimea itoayo maua. Jina la kabla yake halihesabiwi. Zamani mmea ulitambulishwa kwa sentensi nzima ya Kilatini. Linnaeus aliupa kila mmea maneno mawili tu: la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo wa karibu, na la pili ni la spishi, yaani mmea wenyewe ndani ya ukoo huo. Katika jenasi aliyoiita Melia aliweka miti miwili: Melia azedarach, ambao sisi twauita mmelia, na Melia azadirachta, ambao ndio mwarobaini wetu.

Mwalimu na ayaandike maneno haya mawili ubaoni, moja chini ya jingine: azedarach, azadirachta. Herufi ya tatu katika la kwanza ni e, katika la pili ni a. Herufi ya tano katika la kwanza ni a, katika la pili ni i. Kisha la pili limeongezewa mkia. Hapana ajabu wachapaji na wanafunzi wameyachanganya kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini. Na kufanana huko hakukuja kwa bahati, kwani yote mawili yametoka katika maneno yale yale ya Kiajemi, azad dirakht. Dirakht ni mti. Azad wengine huifasiri kuwa huru, wengine kuwa adhimu. Kiswahili kwa bahati njema kina neno moja libebalo maana zote mbili, nalo ni mwungwana. Basi Linnaeus aliipa miti miwili tofauti jina la mti mwungwana, akaitenga kwa herufi chache. Twamheshimu sana mzee huyu, lakini hapa hakuwatendea wema walimu wa shule za msingi.

Katika miaka ya 1830 Mfaransa Adrien de Jussieu aliona kwamba mwarobaini una tofauti za kutosha kuundiwa jenasi yake wenyewe. Jenasi hiyo akaiita Azadirachta, na spishi akaiita indica, yaani ya Kihindi. Hapa mwanachuo mwerevu atauliza swali ambalo twapenda sana kuulizwa. Kanuni ya majina yasema kwamba mti ukihamishwa jenasi, neno lake la pili lililo la kale zaidi huhama pamoja nao. Mbona basi mwarobaini haukuitwa Azadirachta azadirachta? Jibu ni kwamba kanuni za mimea zakataza neno la jenasi kurudiwa katika spishi. Wataalamu wa wanyama huruhusu, ndiyo maana gorila wa magharibi huitwa Gorilla gorilla bila mtu kushtuka. Wa mimea hawaruhusu. Kwa hiyo indica lilisimama, na ndilo linalotumika hadi leo.

Hata hivyo mambo hayakutulia. Mwaka 1874 Mjerumani Dietrich Brandis, aliyekuwa mkuu wa misitu ya India, aliurudisha mti huu katika jenasi ya zamani na kuuita Melia indica. Waliomfuata Brandis waliandika hivyo katika vitabu vyao, na baadhi ya vitabu hivyo vilifika katika maktaba zetu. Kwa hiyo majina matatu ambayo mwanachuo huyakuta ni hatua tatu za safari ya mti mmoja. Vitabu hivyo vitatu havigombani juu ya mti; vyagombana juu ya ukoo wake. Mwanachuo akilielewa hilo, kitabu cha zamani hakimtishi tena, wala hana haja ya kukitupa.

Mfano wa namna hiyo hiyo twaupata katika karafuu, zao ambalo kila mtoto wa Unguja na Pemba analijua kwa harufu kabla ya kulijua kwa jina. Linnaeus aliuita mkarafuu Caryophyllus aromaticus. Baadaye Thunberg aliuita Eugenia caryophyllata, na jina hilo lilidumu sana katika vitabu vya kilimo na vya dawa. Tangu mwaka 1939 jina lake ni Syzygium aromaticum. Mwanachuo makini ataona kwamba aromaticus imegeuka kuwa aromaticum, akadhani ni kosa la chapa. Si kosa. Ni upatanisho, kama ule tulio nao sisi katika ngeli: twasema mti mrefu, lakini kitabu kirefu; shina la kivumishi halibadiliki, kiambishi hufuata nomino. Kilatini nacho hupatanisha kivumishi na nomino yake, tofauti ni kwamba chenyewe huweka mabadiliko mwishoni mwa neno. Mtoto wa Kiswahili anaelewa jambo hili upesi, pengine upesi kuliko mtoto ambaye lugha yake haina ngeli, na twashangaa kwamba walimu wachache sana hulitumia.

Tukitaja majina ya kale na mapya hatuwezi kuipita migunga, maana hapo walimu wengi wana manung'uniko, na sisi tumo. Kwa vizazi kadhaa migunga yetu ilijulikana kwa jenasi ya Acacia. Wataalamu walipokwisha kuona kwamba kundi hilo kubwa ni jenasi kadhaa zilizochanganywa, ilibidi iamuliwe ni jenasi ipi ibaki na jina la zamani. Kwa kanuni ya kawaida jina lingebaki na migunga ya Afrika na Asia, kwa kuwa mti uliokuwa kielelezo cha jina ulikuwa wa huku. Lakini Australia ina karibu spishi elfu moja za kundi hilo, na kuzibadilisha zote kulionekana ni kazi kubwa mno. Katika mkutano wa Vienna mwaka 2005, baada ya mabishano makali, kielelezo kilibadilishwa kikawa cha Australia, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 haukulitengua jambo hilo. Migunga yetu ikagawanywa, mingine ikaitwa Vachellia, mingine Senegalia. Mgunga ulioandikwa Acacia tortilis katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, katika sehemu yake iliyotolewa mwaka 1959, leo huitwa Vachellia tortilis. Twaiona hukumu hiyo kuwa imewafaa zaidi waliokuwa na spishi nyingi. Lakini darasani manung'uniko yetu hayana nafasi: mgunga haukung'oka mahali pake, wala mwiba wake haukupungua ukali. Mwalimu na aandike Vachellia tortilis, na chini yake aandike kwamba zamani uliitwa Acacia tortilis, kisha aendelee na somo.

Hayo yote ni ya hali ya kwanza, mti mmoja wenye majina mengi. Hali ya pili haitaki kuchukuliwa kwa wepesi huo.

Katika sehemu nyingi za bara watu huuita mmelia mwarobaini. Sababu yaeleweka. Miti yote miwili ni ya familia moja, Meliaceae, familia ambayo mkangazi wetu nao umo. Yote ina vijani vingi katika jani moja, yote huzaa matunda ya manjano, na majani ya yote ni machungu. Mmelia huvumilia baridi ya miinuko, mahali ambapo mwarobaini, ambao ni mti wa joto la pwani na nyanda za chini, hausitawi vema. Basi mtu aliyetoka pwani akahamia milimani, akauona mti unaofanana na ule aliouacha kwao, ataupa jina gani? Ataupa jina alilo nalo.

Ubaya ni kwamba matunda ya mmelia ni sumu kwa binadamu. Huleta kutapika na kuhara, na yakiliwa mengi yamewahi kuua. Nguruwe nao hudhurika. Ndege huyala bila kudhurika kwa kawaida, jambo ambalo humdanganya mtoto zaidi, kwani watoto wetu wamezoea kujifunza matunda ya porini kwa kuwatazama ndege. Sasa fikirini mtoto aliyekulia mahali penye mwarobaini, ambako amezoea kufyonza ute mtamu wa tunda lake lililoiva. Mtoto huyu ahamie shule ya miinuko, aonyeshwe mti uliojaa vitunda vya manjano, na mwalimu wake amwambie kwamba huo ndio mwarobaini. Mwalimu huyo hakukosea Kilatini. Amekosea mti, na kosa la mti halifutwi kwa dasta.

Hatusemi kwamba mwarobaini wenyewe hauna hatari. Imani ya kwamba unatibu maradhi arobaini ndiyo iliyoupa jina, na imani hiyo imewafanya watu wautumie bila kipimo. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Mwalimu asigeuke mganga darasani. Lakini miti hii miwili ina sumu tofauti na faida tofauti, na habari za mmoja haziwezi kuhamishiwa kwa mwingine. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu, Heinrich Schmutterer, aliona huko Sudan nzige waliovamia mimea wakiuacha mwarobaini bila kuutafuna. Mwaka 1968 watafiti huko Uingereza walitenga kutoka katika mbegu zake kitu kinachowazuia nzige kula, nacho kikaitwa azadiraktini, kwa jina la jenasi. Mkulima asomaye habari hizo, kisha akatwanga mbegu za mmelia kwa kuwa kijijini kwake mmelia ndio uitwao mwarobaini, hana haki ya kutazamia matokeo yale yale. Jina la kitaalamu lipo kwa ajili yake.

Hata neno Melia peke yake halitoshi. Katika nchi kavu za Kenya, hasa Ukambani, na katika baadhi ya sehemu kavu za Tanzania, kuna mti mwingine wa jenasi hiyo, Melia volkensii, ambao Wakamba huuita mukau. Neno volkensii ni ukumbusho wa Georg Volkens, Mjerumani aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro katika miaka ya 1890. Mukau ni mti wa mbao nzuri, na majani yake hulishwa mifugo wakati wa kiangazi. Fundi seremala wa huko akisema melia, ana maana ya mukau. Mtu wa mjini akisema melia, pengine ana maana ya mti wa kivuli ulio mbele ya ofisi, ambao matunda yake ni sumu. Mfugaji aliyeambiwa na mwanawe kwamba melia ni chakula cha mbuzi yampasa ajue ni melia upi. Neno la pili, ambalo wanafunzi huliona kama pambo, hapa ndilo lenye habari yote.

Na neno la pili nalo likisimama peke yake halisemi kitu. Mwembe ni Mangifera indica, mkwaju ni Tamarindus indica, mwarobaini ni Azadirachta indica. Mtoto akiandika indica tu, ameandika embe au ukwaju? Tena mkwaju unatufundisha tusiliamini sana jina kama ushahidi wa asili ya mti. Tamarindus yatokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Likaongezewa indica, likawa la Kihindi mara mbili. Na hali mti wenyewe huhesabiwa kuwa mzalia wa Afrika.

Katika shule moja ya bara, mahali ambapo miti yote miwili huota, tulimtazama mwanachuo akifundisha darasa la tano. Alikuwa amewaagiza watoto walete majani ya mwarobaini. Majani yalipowekwa mezani, karibu nusu yalikuwa ya mmelia. Wengi wangeona aibu, wangeyasukuma pembeni na kuendelea na andalio la somo. Mwanachuo huyu aliacha andalio lake. Aliwaambia watoto wayatenge mafungu mawili kwa jinsi wao wenyewe waonavyo, bila kuwaambia mafungu hayo yawe ya nini. Ilichukua dakika kumi na zaidi, pakawa na ubishi mwingi, na mwisho mafungu yalikuwa sahihi yote. Ndipo akauliza: haya, kila fungu tuliiteje? Kwa mara ya kwanza katika ziara ile tuliona watoto wanalihitaji jina kabla ya kupewa. Tulimpa alama nzuri, ingawa hakumaliza somo.

Watoto wale walitumia alama ambazo kila mwanachuo anapaswa kuzijua kabla ya kuthubutu kuandika jina ubaoni. Jani la mwarobaini lina uti mmoja mrefu, na vijani vimepangwa huku na huku kama unyoya. Kila kijani kimepinda kama mundu, upande mmoja mpana kuliko mwingine, na kingo zake zina meno ya msumeno. Jani la mmelia uti wake hutoa matawi, na matawi hayo ndiyo yenye vijani, kwa hiyo ni kama unyoya ulioota manyoya. Hiyo peke yake yatosha kuitenga miti hii siku yoyote ya mwaka yenye majani. Maua yakiwapo kazi ni nyepesi zaidi, maana ya mwarobaini ni meupe na ya mmelia ni ya zambarau hafifu. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama yai dogo, na kwa kawaida lina mbegu moja. La mmelia ni la mviringo, na ndani yake mna kokwa ngumu yenye mifereji na tundu katikati, kokwa ambazo tangu zamani zimetungwa kuwa shanga na tasbihi. Mmelia hupukutisha majani, ukabaki umesimama na vishada vya matunda ya manjano kwenye matawi matupu. Huo ndio wakati ambao watoto huyaona zaidi, na ndio wakati wa kuwaonya.

Wako wenzetu, tena walimu wazoefu, wasemao kwamba Kilatini hakina nafasi katika shule ya msingi, na kwamba mtoto akijua mwarobaini kwa Kiswahili yamtosha. Hoja yao ina uzito. Hatungependa kuona mtihani wa darasa la tano ukimtaka mtoto aandike Azadirachta indica kwa herufi sahihi. Huo ungekuwa mtihani wa kukariri tu. Lakini tumeona hapo juu kwamba jina la Kiswahili lenyewe ndilo lililobeba miti miwili. Mtoto wa Tanga na mtoto wa Mbeya wakiandikiana juu ya mwarobaini, huenda kila mmoja ana mti wake kichwani. Wala hatusemi jina la Kiswahili lidharauliwe. Mwalimu amwambiaye mtoto kwamba jina la nyumbani kwao ni la kishenzi, na la kitabuni ndilo la kweli, amemfukuza mtoto katika somo. Jina la nyumbani laeleza jinsi watu wanavyouishi mti. La kitaalamu laeleza ni mti upi. Mtoto aandike yote mawili daftarini, la nyumbani kwanza.

Kuhusu namna ya kuandika twasema machache, kwa sababu yamo katika vitabu vyote na bado yanakosewa. Jenasi huanza na herufi kubwa, spishi herufi ndogo, hata kama neno limetokana na jina la mtu. Katika kitabu huchapwa kwa herufi za mlazo. Ubaoni na daftarini hupigiwa mstari chini. Yale majina mafupi yanayofuata baada ya spishi ni ya watunzi wa jina. Mwanachuo akikuta Syzygium aromaticum (L.) Merr. & L.M.Perry, aelewe kwamba aliye ndani ya mabano, Linnaeus, ndiye aliyetoa neno la aromaticus kwanza, na walio nje ya mabano ndio waliouhamisha mti hadi jenasi hii. Mabano hayo ni historia fupi ya mti. Hayana haja ya kufundishwa watoto, lakini humsaidia mwalimu kujua kwamba kuna jina la zamani la kutafutwa katika vitabu vingine.

Mwanachuo akikwama kabisa, akabaki na mti asioujua na vitabu visivyopatana, asichague kwa kubahatisha. Achume tawi lenye majani, na maua au matunda ikiwezekana. Alikaushe kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, akibadilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Aandike mahali lilipochumwa, tarehe, rangi ya maua kabla hayajanyauka, na jina ambalo wenyeji huuita mti huo. Arusha na Nairobi kuna hifadhi za mimea iliyokaushwa, na wafanyakazi wake hulinganisha tawi na tawi, wala hawalinganishi jina na jina. Hiyo ndiyo njia ambayo wataalamu wenyewe humaliza ubishi. Kanuni zao zataka kila jina liwe limefungwa kwenye kielelezo kimoja, ili wakibishana warudi kukitazama.

Jambo la mwisho ni vibao vya majina katika viwanja vya shule, ambavyo siku hizi twaviona kwa wingi na kwa furaha. Kabla kibao hakijaandikwa, darasa zima na lichunguze jani na tunda la mti husika kwa alama tulizozitaja, na mwalimu asiweke kibao mpaka wakubaliane. Juu liandikwe jina la Kiswahili na la lugha ya mahali hapo, chini yake la kitaalamu, kisha mwaka wa kuandikwa. Kibao cha mmelia kiongezwe maneno matatu kwa rangi nyekundu: MATUNDA YAKE SUMU. Kifungwe kwa waya uliolegea, kisipigiliwe msumari katika gome, na chini ya jina la kitaalamu uachwe mstari mmoja mtupu.